Jina Letu Sote Wawili

Mtaa wa Vásár,
Makó.
14 Septemba 1997

Mpendwa Aranka,

Usishtuke kuona jina lako hapo juu. Najua umezoea barua zangu zianze na "mwanangu", na najua uliwahi kumuuliza marehemu baba yako kama shangazi yako amesahau unaitwaje. Sijasahau. Ngoja nikusalimu kwanza, kisha nikueleze.

U hali gani? Mgongo wako je? Na mumeo Gavriel, presha yake imeshuka au bado anakula chumvi kwa kuiba? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, na safari hii ni kweli. Vitunguu vimeshavunwa na mji mzima unanuka, kama enzi za babu yako alipokuwa akijaza maghala. Sinagogi lipo, sisi ndio hatupo. Wanaume kumi wanaotakiwa ili sala ya pamoja isaliwe hawatimii mpaka mmoja aje kwa basi kutoka Szeged, naye akikosa basi tunarudi majumbani.

Sasa habari. Shangazi yako amekuwa mtu wa filamu, usicheke. Kiangazi hiki walikuja watu kutoka Budapest wanaotengeneza filamu juu yetu sisi tuliorudi kutoka makambi ya mauaji ya Wajerumani, tusimulie kwa vinywa vyetu kabla hatujaisha. Binti anayeuliza maswali anaitwa Noémi. Mpiga picha ni Bálint, pande la mtu. Alikisogeza kiti changu mpaka dirishani, akaitoa saa yangu ya ukutani akaipeleka jikoni, eti inampigia kelele. Siku ya kwanza akataka nitembee kando ya reli pale stesheni.

"Nitembee niende wapi?" nikamuuliza.

"Popote tu, bibi. Ni kwa ajili ya picha."

"Kijana, mara ya mwisho waliponipeleka pale walikuwa na bunduki. Wewe una nini?"

Maskini, akawa mwekundu mpaka masikioni. Nikamwonea huruma, nikampikia madonge ya unga yaliyotiwa plamu, akamaliza sahani mbili.

Basi nikasimulia. Treni, kambi, mama yangu alivyoelekezwa upande wa kufa na mimi upande wa kazi. Hayo nimeshayasema hata shuleni mbele ya watoto, siku hizi yanatoka yenyewe. Ndipo Noémi akauliza swali dogo tu: "Na siku uliyorudi nyumbani, bibi, ilikuwaje?" Watu wote hutaka kujua tulivyoondoka. Hilo la kurudi sikuwahi kuulizwa na mtu.

Sasa sikiliza. Mimi nilichelewa kurudi. Vita vilipokwisha nililazwa hospitali kule Ujerumani kwa kifua kikuu, zaidi ya mwaka, na barua nilizoandika hazikufika. Baba yako Dezső alitangulia kurudi, akamwoa mama yako Jolán, ambaye naye alikuwa amefiwa na wote. Mwanamke mmoja tuliyekuwa naye kambini akawaambia aliniona kwa macho yake nikilazwa pamoja na maiti. Hakusema uongo, nililazwa kweli, ila nilikuwa bado napumua. Baba yako akanililia, akanikalia matanga, na ulipozaliwa akakupa jina langu. Si unajua sisi Wayahudi wa huku: mtoto hupewa jina la aliyekufa ili lisipotee. La aliye hai hapewi, maana Malaika wa Mauti akitumwa kumchukua mmoja anaweza kukosea akambeba mwingine.

Nilifika mchana. Lango lilikuwa wazi, na kutoka ndani nikasikia sauti ya mwanamke nisiyemjua: "Aranka! Nyamaza basi, Aranka wangu!"

"Mimi hapa!" nikaitika, nikaingia uani mbio. Kwa hatua zile chache niliamini kuna mtu ananingoja.

Mama yako akatokea mlangoni, akaniona, akakufunika kwa aproni yake.

"Dezső!" alipiga ukelele. "Njoo! Njoo uone tulichokifanya!"

Baba yako alinikumbatia, akalia, akacheka, akalia tena. Lakini alinikumbatia akiwa amesimama kati yangu na wewe. Sikumlaumu hata siku moja, wala mama yako. Walikuwa wamepoteza kila mtu, na huyo mmoja waliyempata nimekuja mimi kumtia hatarini kwa kuwa hai tu. Hakuna aliyenitolea neno baya. Nilipewa kitanda, nikapewa sahani iliyojaa. Mama yako akakufunga uzi mwekundu mkononi wa kukukinga, na jina halikutajwa tena mle ndani: wewe ukawa "mtoto", mimi nikawa "dada".

Majira ya baridi ukashikwa na homa kali. Mama yako alinitazama tu. Siku ileile nikahamia kwa jirani, nawe ukapona. Kwa hiyo mlipohama kwenda Haifa wakanibembeleza twende wote, nilisema siwezi kuyaacha makaburi. Makaburi gani? Mama yangu hana kaburi. Nilibaki ili tusilale chini ya paa moja, wewe na mimi.

Ulinialika harusini, ukanialika Uri alipozaliwa, nikasingizia magoti wakati yalikuwa bado ya kuchezea dansi. Ukadhani sikupendi. Nilikupenda mno, na upweke umenila, mwanangu, umenila vibaya.

Noémi aliniuliza, "Lakini kweli unayaamini mambo ya huyo malaika, bibi?"

"Siamini hata kidogo, binti," nikamjibu. "Ila wewe ungethubutu?"

Bálint hakuizima kamera.

Filamu itaonyeshwa Novemba. Nimewakataza wasiitie sehemu hiyo mpaka wewe uridhie, maana jina ni lako pia. Kwa simu nisingeweza, ningelia tu nawe usingeelewa kitu. Ukisema iondolewe, itaondolewa na sitanuna. Ukisema ibaki, njoo tuitazame pamoja. Tangu waondoke, kiti changu kiko palepale dirishani na saa bado iko jikoni. Jioni nakaa pale natazama mahali kamera ilipokuwa, na mara nyingine najikuta nasimulia.

Nisalimie Gavriel, na Uri, na Tirza mdogo ambaye nimemwona pichani tu. Jirani yangu Bi Terka anawasalimu, anasema ukija nisipike mimi, atapika yeye, ili usikimbie. Mwaka wetu mpya wa Kiyahudi unakaribia: Mungu awaandikie nyote mwaka mwema na mtamu.

Na usiogope kuja. Mimi ni mzee, na kulazwa na maiti si kitu kigeni kwangu. Malaika akifika langoni akaita Aranka, wewe nyamaza kimya. Nitaitika mimi, kama nilivyoitika siku ile.

Wako akupendaye,

Aranka