Betri Uliyoibeba Begani

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria, pasha tu. Nguo zianue mapema, wingu hili silipendi.

Na kuhusu boti: betri zikae zimetenganishwa. Alternata ya injini ya kulia inachaji betri za kuwashia, ya kushoto inachaji betri za friji na taa. Ukiziunganisha kwa swichi halafu ukazima injini, friji inazinyonya zote usiku kucha, na asubuhi inakuwa kama leo: injini zote mbili kimya, abiria wameketi wananikodolea macho. ~~Kwa hiyo usiiguse tena hiyo swichi bila kuniuliza.~~

Hapo nimefuta. Nilikugombeza mbele za watu kwa sababu jana ulishinda botini na redio yako. Ulifungua betri ya gari lako, ukaibeba begani mpaka gatini, tukawasha, ukaniachia isije injini ikanizimikia njiani. Kazini ukaenda kwa miguu.

Sasa nimekimbilia nyumbani kuchukua kofia, binti yako ananiambia, "Mama, si wewe uliyeziunganisha jana, ukasema alternata ya kulia ijaze zote? Baba alikuona."

Ni kweli. Nilisahau kuzitenganisha.

Kumbe ulijua, ukanyamaza! Mtu gani wewe?

Dawa ya kuchua iko juu ya kabati. Usijipake mwenyewe, nisubiri.

Mama watoto
(nahodha bado ni mimi)