Majani Yaliyolala Bila Hewa

Mama mpendwa,

Jana tulifungua shimo la sileji, malisho yaliyofukiwa yachache bila hewa, nyuma ya zizi lako hapa Mwese, na simwoni mtu mwingine ninayetamani kumweleza nilichokiona.

Unalikumbuka shimo la kwanza. Nilipanda kutoka Mpanda, mwalimu wa kemia mwenye kiburi cha vitabu, nikakuelekeza kukata matete yangali machanga, kuyashindilia na kuyafunika kwa nailoni, ili ng'ombe wako Mapambo apate chakula vilima vikishaungua. Nikakuagiza usifunue. Wewe ukafunua kila alipokuja mgeni. Siku niliyokukuta na jirani yetu, Mzee Kaloli, mmeinama juu ya shimo huku hewa ikiingia, nilipandisha sauti.

"Mwanangu," ulisema, "nina shimo refu nyuma ya nyumba, nimelifunika, halafu nimkataze mtu kuangalia? Kesho wataniitaje?"

"Mchawi," alidakia Mzee Kaloli. "Na mimi ndiye ningeanza."

Mlicheka mpaka ukashika kiuno. Mimi sikucheka. Kiangazi kilipokolea, majani yalikuwa meusi, yamejaa ukungu, na Mapambo alikonda hadi akalala asiinuke tena. Nikakwambia mbele ya majirani, "Mama, umemuua kwa adabu zako." Uliniletea maji ya kunawa, ukaniandalia chakula.

Ulipofariki, ulituachia binti wa Mapambo, ambaye sasa ana mimba yake ya kwanza. Mdogo wangu Adela, anayemtunza, alinieleza msimamo wake waziwazi: "Kaka, mimi siangalii ng'ombe mwingine akifa njaa. Sileji ikioza tena, namuuza." Tayari alikuwa amezungumza na mnunuzi wa Mpanda.

Safari hii nililitafakari swali lako kabla ya kugusa panga. Nikatambua kwamba mtu hakitilii shaka kitu kilichofungwa mbele ya macho yake. Kwa hiyo, mvua zilipokaribia kuisha, niliwaita majirani wote siku ya kufunga. Niliyeyusha unga wa bakteria wa kuchachusha majani katika maji ya mvua, nikaunyunyiza juu ya majani kwa bomba jipya, kwa kuwa lililowahi kubeba dawa ya wadudu lingewaua bakteria kabla hawajaanza kazi. Kila tabaka lilipolowa, watu waliingia kukanyaga ili hewa itoke.

"Leo nakanyaga uchawi wenyewe!" alipiga kelele Mzee Kaloli, suruali imekunjwa hadi magotini. "Mama yenu angekuwepo, angetuimbisha!"

Tulitandika nailoni mara mbili, tukafukia kingo, tukarundika udongo juu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeomba kuchungulia.

Mama, nimefundisha kemia kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kusimama kando ya somo langu nikanyamaza namna ile. Chini ya udongo uliokauka, viumbe nisioweza kuwaona walikuwa wakila sukari ya majani na kutoa asidi, pasipo hewa, pasipo mwanga. Asidi ikazidi hadi uozo ukakosa pa kuanzia. Ikazidi tena hadi wao wenyewe wakatulia. Naijua hatua kwa hatua kanuni ya jambo hili. Kuijua hakukupunguza mshangao wangu hata kidogo.

Jana vilima vyote vilikuwa na rangi ya majivu. Tulipofunua upande mmoja, rangi ya zeituni ilijitokeza, na harufu ikatoka, kali kiasi, tamu kiasi, kama ya matunda yaliyoanza kuchacha. Adela alichota konzi, akainusa muda mrefu. Ng'ombe alinusa, akarudi nyuma, akanusa tena, kisha akatumbukiza mdomo na hakuuinua.

Nikawageukia wale watu. Neno nililokutupia mbele yao nililiondoa mbele yao. Niliwaambia kwamba ulikuwa unalinda ujirani, nami sikuwa nimekupa njia ya kuulinda huku shimo likiwa limefungwa. Mzee Kaloli alitazama chini, akaitikia kwa kichwa.

Adela alikuwa amesogea pembeni na simu sikioni. "Usije," nilimsikia akimwambia mnunuzi. "Huyu anazalia nyumbani."

Pumzika, Mama, na unisamehe.

Mwanao wa kwanza