Hotelini Sikufika

Mdogo wangu mpenzi,

Nimefika, buheri wa afya, na ndege sikuiogopa hata chembe! Nje ya uwanja nilipanda teksi ya mama mmoja mcheshi, nikamtajia hoteli yangu.

"Umekuja kumwona nani, dada?"

"Binti yangu. Hajui kama nimekuja. Tangu nilipomkataa mumewe, mwaka wa tatu huu hatusemezani."

Akaegesha gari kando. "Basi mpigie sasa hivi."

Nikapiga, nikamwambia nimekuja, naelekea hotelini. Akalia: "Mama! Hoteli ya nini? Mpe dereva simu nimwelekeze nyumbani."

Mdogo wangu, nakuandikia kwa mkono mmoja. Wa pili umempakata mjukuu wetu, na mkwe ananichemshia chai!

Dada yako, asiyejiweza kwa furaha