Mpunga Wetu na Gati ya Bwana wa Lilongwe

Mama,

Ni mi, Zaina. Nimetoka bwawani sasa hivi, matope iko bado ku miguu, na sina mutu mwingine wa kuambia. Mjukuu wako Mwamini amelala. Njo naandika.

Unakumbuka ile sehemu ya majimaji kando ya bwawa, yenye mfumu wa kijiji alikuachia kwa mdomo tu? Bantu balikucheka. Balisema huku Dowa ni baridi, banalima mahindi, mpunga hautaota. We ukabajibu, "Mi ni mutu wa Kindu, kule Kongo. Bila wali, bado sijakula." Ukapanda. Mpunga ukaota. We ukafa kabla hujauonja. Ile mavuno ya kwanza nilipika peke yangu, nikalia, nikasingizia moshi.

Mama, banaichukua.

Kuna bwana mumoja, mgeni kutoka nje, ana biashara Lilongwe. Ana mashua ya kujifurahisha na barafiki yake. Anataka kujenga gati ya mbao pale pale, yake peke yake, na waya kuzunguka. Lakini ilibidi kwanza bantu bote ya karibu baulizwe. Tukaitwa ku mkutano, benyeji na siye bakimbizi. Nilifurahi, Mama! Nilifua kitenge nikavaa. Nilisema, kama banauliza, basi batasikia. Njia nzima nilipanga maneno yangu, Mwamini mgongoni.

Bwana akafungua karatasi kubwa. Alikuwa amechora gati vizuri, mashua, hata mwavuli wa kukalia chini yake. Pale penye mpunga wetu palikuwa peupe tu.

Akauliza kama tunakubali. Mfumu njo alisimama kwanza, sababu ni mkubwa. Alisema pole pole, kwa Kichewa, kwamba maji ni ya bote na yeye anataka muda wa kufikiri. Alipokaa tukapiga makofi, yale ya taratibu, ya heshima. We njo ulinifundisha tulipofika: "Mkubwa wa huku akisema, piga makofi, usikae kama mutu asiye na bazazi." Tulipiga bote, hata bamama ya Burundi. Bwana akatabasamu, akamwambia karani wake kitu, karani akaandika. Papa Désiré, yule fundi cherehani wa Bukavu, njo alikuwa anatutafsiria. Akatugeukia, uso umemshuka. "Bamama, anasema aksanti. Anasema hayo makofi ni kukubali."

Sijui kama hajui desturi ya inchi, ao anajifanya. Lakini karani ni mutu wa hapa hapa. Anajua. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikasimama. Maneno yote niliyopanga yalikimbia. Nikasema tu, "Bwana, pale iko mpunga ya mama yangu." Papa Désiré akatafsiri. Bwana akacheka, na hakucheka kwa ubaya, njo kiliniumiza zaidi. "Mchele iko mingi ku soko ya Tsoka, kule Lilongwe. Mwambie aende anunue." Bamoja bakacheka naye. Mfumu akasema kwa ukali kwamba makofi yalikuwa yake, ya heshima, hayakuwa ya gati. Bakamjibu imeshaandikwa.

Leo bijana ya yule bwana bamechimbia miti ya alama katikati ya mpunga. "Fanya haraka uvune, mama," njo baliniambia. Haraka gani? Haujakomaa. Ukiminya punje inatoa maziwa. Niliingia matopeni nikakata masuke machache yenye yalikuwa yameanza kukauka kule pembeni. Ingine yote nimeiacha imesimama, kijani, nzuri... Mama, ilikuwa nzuri sana mwaka huu.

Nimechoka. Balituuliza ya nini? Kama bangekuja na waya tu, bila kuuliza, ningelia kidogo nikanyamaza. Sasa kila nikifumba macho najiona na kitenge changu, nimefurahi.

Lala, Mama. Mungu akupe nafasi huko yenye hakuna mutu atakuomba utoke. Masuke yale nimefunga ndani ya kitambaa, nimetundika juu, panya hafiki. Sitapika. Mwamini akilia njaa nitamkorogea uji wa mahindi, nitamnyonyesha, nitamwimbia mpaka asinzie. Lakini hiyo ni mbegu, Mama. Nitatafuta majimaji mengine, hata kama ni kutembea mpaka jua lizame. Sitapika hata punje.

Mutoto wako,
Zaina