Filimbi ya Tata Badibanga

Tenke, 3 Agosti 2024

Tata mpendwa,

...na ndiyo maana nakuandikia barua, kwa sababu kwenye simu ulikata kabla sijamaliza. Kwanza salamu. Goti halikusumbui? Sisi ni wazima, na mimi, tata, nina furaha mpaka naona aibu. Wiki sita za ndoa, na Gael bado ananiita malkia hata nikiwa nasugua sufuria!

Lakini mama yuko hapa. Alishuka na begi Jumanne, akasema: "Mi nilimuzalia batoto tano. Leo ananiandika ku ukuta wa jikoni, 'Mbelu: hakufika', juu ya kukawia ku maombi! Mi si mufanyakazi wake wa mugodini." Tata, ni kweli unapuliza filimbi saa kumi na moja asubuhi? Ulishastaafu. Mama si kikosi chako.

Shida ni hii: nyumba yetu ina mlango mmoja. Unatujua sisi watu wa Kasai: mwanaume hapishani na mama mkwe mlangoni, wala hali mbele yake. Basi Gael anaingia na kutoka kwa dirisha. Juzi jirani alimpigia kelele za mwizi. Sasa analala kwa rafiki yake Stany. Bwana yangu wa wiki sita! Njoo umchukue mama, nakuomba.

Mtoto wako akupendaye,
Jémima

Dilala, Kolwezi, 8 Agosti 2024

Jémima,

Salamu. Mimi mzima. Goti ni langu, liache.

Miaka thelathini na moja niliongoza kikosi, hakuna aliyenikimbia. Mama yako alienda kwa miguu yake, arudi kwa miguu yake. Mzee kwenda kuomba mke nyumbani kwa mkwe wake, uliona wapi? Watu wa Dilala watacheka mpaka Krismasi.

Hapa kila kitu kinaenda sawasawa. Bukari nimeisonga mwenyewe. Mwiko ulivunjikia ndani, bado umo. Nilifua mashati yangu pamoja na kitenge chekundu cha mama yako. Sasa yote ni ya pinki. Jumapili jirani yetu Kanyinda aliniuliza kama nimeingia kwaya ya wamama.

Mwambie Gael aache dirisha, atavunja mguu. Lakini mlangoni asipite.

Tata yako

Tenke, 13 Agosti 2024

Tata mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa mwiko. Nilimsomea mama barua yako. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza: "Na dawa ya presha, anameza? Hataiona, iko nyuma ya masahani."

Nikamwambia, mama, si urudi tu? Akasema: "Akuje yeye mwenyewe, asitume mutu. Aniambie kwa kinywa chake ile ya ukuta haikukuwa muzuri." Hataki kingine, tata. Maneno hayo tu.

Mimi na Gael tunaonana kwenye benchi la kituo cha reli, kama wachumba. Ananishika mkono, na ni tamu, sikatai. Lakini jana alisema, kama mtu anayetania, kwamba amepewa kazi ya miezi mitatu Fungurume, labda aikubali mpaka mama aondoke. Nilicheka mbele yake, nikalia njiani. Siwezi kumfukuza mama. Siwezi kumkosa Gael. Huko Fungurume wanataka jibu lake Ijumaa ya wiki ijayo.

Mtoto wako,
Jémima

Dilala, Kolwezi, 19 Agosti 2024

Mwanangu Jémima,

Natumaini hamjambo wote wawili. Watatu. Dawa nimeiona. Nilikuwa naitafuta siku nyingi.

Ukuta nimeupaka chokaa. Na meza kidogo, na kiatu kimoja.

Hili usimsomee. Jumamosi nilipuliza filimbi kama kawaida, na hakuna aliyenitukana. Tangu nistaafu mama yako alikuwa ananitukana kila asubuhi, halafu ananiletea chai. Nilikaa kwenye kiti mpaka jua likapanda.

Gael asiende Fungurume. Awaambie hapana leo hii. Watu wa Dilala wacheke wanavyotaka.

Usimwambie mama yako kwamba nakuja. Hapana, mwambie, akishtuka atasema nimekuja kumchunguza. Mwambie nitasimama nje mpaka atoke mwenyewe, na yale maneno anayoyataka nitayasema pale pale, majirani wakisikia. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Tenke.

Tata yako