Mtoto Akinyamaza

Jumatano, Namakwekwe. Mvua imegoma kukatika tangu alfajiri, nepi hazikauki, na mimi nimeamka na hasira. Leo hasira hiyo naipenda.

Tangu nijifungue nalia tu. Nalia nikila, nalia nikinyonyesha. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Busiu kunilea uzazi, anasema machozi yanaharibu maziwa. Basi nikawa najificha bafuni kulia, kama mwizi.

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Somalia nikiwa bado na mimba. Kwetu arobaini ni ya wanawake: baba huchungulia mlangoni, akasalimu, akaenda zake. Huyu wangu haendi. Mtoto akilala tu, ananyemelea ndani na kumfinya mguu mpaka alie. Kisha anatoka, ametulia.

Nilijua hampendi. Nililia kwa hilo pia.

Jana mama mkwe alimfuma. Akasema mwanawe ana wazimu wa vita, mimi nina wazimu wa uzazi, na mtoto hawezi kukaa na wendawazimu wawili. Leo asubuhi amefunga nguo za mtoto ndani ya kitenge, ampeleke Busiu akakuzwe kwa maziwa ya ng'ombe.

Hapo ndipo machozi yalipokauka.

Nikamwita mume wangu chumbani, arobaini au si arobaini. Nikamuuliza mbele ya mama yake kwa nini anamtesa mtoto. Alikaa chini, akajibu kwa Kiswahili chake cha jeshini:

"Kule mtoto moja alilia siku muzima, nyumba ya jirani. Afande alikataza sisi kutoka. Jioni akanyamaza. Sasa huyu akinyamaza, mimi naona amekufa."

Kumbe si kilio kinachomtesa. Ni kimya.

Nilimlaza mtoto kifuani pake, nikaweka kiganja chake juu ya kale kamgongo, asikie pumzi. Halafu nikafungua kile kitenge na kurudisha nguo mahali pake.

"Mama, mtoto haendi Busiu," nilisema. "Kama ni kulea, utulee sote watatu hapa hapa."

Sijawahi kumjibu mama mkwe hivyo. Alinitazama sana, kisha akaenda kuteleka maji yangu ya kuoga.

Majirani wamesikia, na habari itafika mpaka kwetu Jinja kwamba nimekosa adabu. Watasema mchana, usiku watalala. Kesho tunakwenda kliniki, mimi na mume wangu, kumwambia daktari kwamba wagonjwa ni wawili na hakuna anayeona haya.

Sasa hivi baba amesinzia, mkono ungali mgongoni. Mtoto ameamka mwenyewe, hakuna aliyemfinya. Namnyonyesha nimeketi ubavuni pa baba yake, na machozi yamerudi, mama mkwe ameketi hapa anayaona.

Maziwa yanatoka.