Nywele za Tusa

Jumatatu, 7 Aprili 1975
Nimechuma nyanya matenga mawili. Limeuzika moja. Abiria wa mabasi wabahili, wanabonyeza nyanya kama wanapima mimba.
Mkamwana wangu Subila ameshuka kutoka Igawa na mjukuu wangu Tusa, miaka saba. Shavu la mtoto limevimba mpaka jicho limepanda. Meno yanacheza. Nimemwuliza Subila ameliona lini. Anasema mwezi wa pili. Mwezi wa pili! Mnyakyusa huyu anajua kumenya ndizi tu. Nimemwambia ni miwa aliyomlisha, imeozesha meno. Akalia. Kulia anajua.

Jumatano, 9 Aprili
Hospitali, Iringa. Si jino. Ni kansa ya taya. Daktari anasema huwapata watoto wa kwenye joto na mbu. Nilijua. Igawa si mahali pa kulelea mtoto.
Hawakati kwa kisu. Wana dawa ya sindano. Inaingia kwenye damu, inakitafuta kile kinachokua upesi, inakipiga hichohicho. Nikamwuliza, "Mtoto naye anakua upesi. Itampiga naye?" Akacheka. Mimi sikucheka. Akasema, "Bibi, nywele ndizo zitaanguka, kwa kuwa nazo hukua upesi. Zitarudi." Anywe maji mengi, dawa isimchome kibofu.
Kadi imeandikwa sindano sita, moja kila wiki tatu. Nimeisoma mwenyewe. Sikwenda kisomo cha watu wazima kusinzia. Subila, na darasa lake la saba, akaniangalia kama nimeiba.

Jumapili, 13 Aprili
Uvimbe unayeyuka. Siku nne tu tangu sindano! Kama mafuta juani. Jicho limeshuka mahali pake. Namnywesha maji kwa kata, akikataa namfinya. Kanisani nimemsimamisha mbele watu wamwone. Nimejivuna. Sifichi.

Jumamosi, 19 Aprili
Shavu laini kama zamani. Anakula ugali, anatukana kuku. Amepona.

Jumapili, 27 Aprili
Nywele zimeanguka. Kwanza kwa kitana, halafu kwa mkono tu, kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Kichwa cheupe. Kwetu mtoto hunyolewa hivyo baada ya maziko, hakuna asiyejua. Subila amemfumia kofia nyekundu ya sufu. Nimemvua. Mtoto akasema kichwa kinapata baridi. Nikamwambia avumilie, nyumba hii haina aibu ya kufunika.
Mchana jirani yangu Mama Zabroni kaingia na bakuli la unga, uso kaukunja. "Poleni na msiba. Nani ametutoka?" Kumbe kamwona Tusa barabarani akadhani tumenyoa. Nikamwambia unga wake auweke, mumewe akifa atauhitaji. "Hee! Mimi nimekosa nini, dada?" Nikampokonya bakuli, nikamwaga unga mlangoni, nikamrudishia tupu. Kuku wamekula rambirambi yetu.


Jumanne, 29 Aprili
Nimeamua. Sindano ya pili hakuna. Dawa inayomnyoa mtoto kabla ya msiba, huo msiba inauita. Na ugonjwa wenyewe umekwisha, nimebonyeza taya kwa vidole vyangu, hakuna kitu.
Subila: "Mama, daktari alisema mbegu zimebaki ndani."
"Daktari kazaa wangapi? Mimi tisa."
Akapiga magoti. Nimemwacha hapo sakafuni, nikaenda kukamua ng'ombe. Kadi nimeitumbukiza kwenye kihenge, chini ya mahindi. Mwanangu Yohana amefika na lori. Mkewe kamlilia. Yohana akasema, "Mama ameshasema." Mwana mwema.

Jumatano, 30 Aprili
Ndiyo siku ya kwenye kadi. Tumepalilia vitunguu. Kila basi la kwenda Iringa Subila analigeukia. Nimemwambia shingo itakatika.

Jumanne, 10 Juni
Nywele zimeota! Laini, kama za kifaranga. Nimemwambia Subila, umeona? Nimesema nini mimi?
Tusa analalamika tumbo. Minyoo. Nimempa dawa.

Jumamosi, 21 Juni
Si minyoo. Tumbo gumu kama mtungi. Shavu limeanza tena, sasa upande wa pili. Usiku na mchana analia. Nimemkaripia, wanawake wa ukoo wetu hawalii. Akanyamaza mara moja. Ananiogopa mimi kuliko maumivu. Sikulijua hilo.

Jumatatu, 23 Juni
Subila kamwiba mtoto. Kapanda naye basi la alfajiri, bila kadi, bila ruhusa. Nimekimbia hadi barabarani na kata mkononi. Nimelitukana basi. Lilikuwa limeshapita.

Jumatatu, 30 Juni
Nimeifukua kadi. Nimekwenda Iringa. Daktari akaigeuza huku na huku. Zimeandikwa tarehe sita, alama ni moja. "Bibi, ilikuwa wapi?"
Nikasema panya waliiburuta.
Subila alikuwa amesimama palepale. Unga wa mahindi ulikuwa bado kwenye kadi. Aliufuta kwa kidole. 
Sindano walimchoma tangu juma lililopita. Haikuyeyusha kitu. Daktari anasema kansa iliyobaki imeshaizoea dawa, na mwili hauna tena nguvu. Basi ni kama mwizi aliyezoeana na mbwa. Nikamwuliza, je, tungekuja siku ile? Akaangalia kiatu chake. Nilitaka aseme. 

Ijumaa, 4 Julai
Tusa amekufa saa nne asubuhi. Aliomba maji. Nilimpelekea kwenye kata. Hakunywa.

Jumatatu, 7 Julai
Tulizika juzi. Nywele zake zilikuwa zimefika upana wa kidole. Nyeusi, zimejaa. Amekwenda nazo.
Mama Zabroni kaja na unga, bakuli lilelile. Nimelipokea kwa mikono miwili. Hakunitazama usoni, nashukuru.
Leo tumenyolewa. Wembe alishika Subila. Wengine aliwalowesha kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Mimi kaninyoa kavu. Wanawake waliona. Hakuna aliyemzuia, wala mimi. Damu imefika sikioni.

Alhamisi, 10 Julai
Yohana ameniuliza habari ya kihenge. Nimemwambia kweli. Alikaa. Kisha akasema, "Na mimi nikasema Mama ameshasema." Alikuwa anaongea na ukuta.

Jumapili, 20 Julai
Subila amekwenda kwao, Soweto ya Mbeya. Yohana amemfuata. Nyanya zimeiva, zinadondoka. Sijachuma.
Nimeosha bakuli la Mama Zabroni, nimelirudisha.
Jioni hii kuna upepo. Kichwa kinapata baridi. Kofia nyekundu ipo msumarini. Nimeijaribu. Hainitoshi.